Kistari Kimoja Futi, Viwili Inchi

Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na Temeke nzima walimjua kwa kuta zake zilizonyooka. Tulitoka kusini pamoja, tukapanga chumba kimoja katika nyumba ya udongo, Mwingereza bado anatawala. Yeye hakupata kusoma. Mie nilifika darasa la nne katika shule ya misheni, nikaolewa, na pale Temeke nilikuwa nikishona magauni ya majirani kwa cherehani ya mkono.

Alhamisi moja alirudi kazini na karatasi kubwa ya buluu, imekunjwa ndani ya gazeti. Hakusalimia vizuri. Aliitandika kitandani, akakaa pembeni akiitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Nini hiyo, baba watoto?"

"Ramani. Nyapara aliyekuwa akitusomea ameacha kazi, amerudi kwao. Leo kontrakta katuuliza nani anajua ramani."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikainua mkono."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinizuia. Kontrakta alikuwa Singasinga mzee, mkali wa kazi, na Jumatatu asubuhi angekuja kumwona akipima msingi wa nyumba za walimu. Mume wangu alikuwa amechoka kupokea amri za watu waliomzidi kusoma tu. Mkono uliinuka wenyewe, alisema.

Nikaisogelea ile karatasi. Mistari ilikuwa myeupe, na kila mstari una tarakimu zake. Tarakimu nilizijua. Kilichonishinda ni vistari vidogo vilivyokaa juu, kando ya kila tarakimu, kimoja hapa, viwili pale. Mwanzo nilidhani ni uchafu wa nzi, nikajaribu kuukwangua kwa ukucha.

Tulihangaika navyo mpaka Ijumaa jioni. Hapo nikaona mahali palipochorwa mlango: mbili yenye kistari kimoja, kisha tisa yenye vistari viwili.

"Mlango wa chumba kwa kawaida una upana gani?" nikamuuliza.

Akanyoosha mikono mbele yake bila kufikiri, viganja vikitazamana. "Hivi."

"Usitikisike!"

Nikauvuta utepe wangu wa kupimia nguo, nikaupitisha kati ya viganja vyake. Inchi thelathini na tatu. Nikakaa chini na kipande cha chaki. Inchi kumi na mbili ni futi moja, hilo tuliimbishwa shuleni. Futi mbili ni ishirini na nne. Ongeza tisa.

"Thelathini na tatu!" nilipiga kelele hadi mtoto akaamka. "Kistari kimoja ni futi, viwili ni inchi! Mikono yako imesema sawasawa na karatasi."

Alivitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Jumamosi mchana tuliichora nyumba yote uani, kwenye mchanga, kwa ukubwa wake wa kweli. Mie nilisoma, yeye akapima kwa kamba aliyoifunga fundo kila futi, na inchi akazitoa kwenye utepe wangu. Mpangaji mwenzetu alitoka kuinjika wali, akakuta mstari umepita katikati ya mafiga yake.

"Shoga, mmenijengea ukuta jikoni kwangu!"

"Vumilia, shoga, hapo ni chumba cha mwalimu."

Akacheka, akahamisha mafiga.

Lakini hesabu ilikataa. Chumba futi kumi, ukumbi futi nne, chumba cha pili futi kumi. Jumla ishirini na nne. Ramani iliandika ishirini na sita. Nikarudia mara tatu, kisha nikasema aliyechora amekosea.

Mume wangu akasimama katikati ya ukumbi wetu wa mchanga, akaanza kucheka. Sikumwona akicheka tangu Alhamisi.

"Na kuta je? Mwalimu atalala ndani ya mistari? Kuta ni nne, kila moja inchi sita."

Inchi sita mara nne, futi mbili. Niliona aibu, halafu nikafurahi kuliko nilivyoona aibu. Siku nzima nilikuwa mwalimu wake, na sasa kanifundisha yeye.

Jumatatu alirudi jua lingali juu. Nilimsikia akisalimiana na majirani tangu barabarani, nikajua mambo ni mazuri. Kontrakta alikuwa ameweka kidole kwenye dirisha moja la ile ramani, akauliza upana wake.

"Nikamwambia futi nne kasoro inchi tatu. Akaitazama ramani, akaitikia kwa kichwa. Akauliza nani amenifundisha."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia mke wangu. Tumekwisha danganya mara moja, inatosha."

Yule mzee akasema basi aendelee, na mahali asipopaelewa aulize kabla ya kuchimba, si baada. Mume wangu akawa nyapara wa nyumba zile.

Hazikupita wiki mbili wenzake wakaanza kuja uani kwetu alasiri, mmoja mmoja, wakisingizia kuja kumwamkia. Wa kwanza alikuwa fundi mwenye mvi, umri wa baba yangu. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, akazungumzia mvua. Mwishowe akainama kuelekea kwangu.

"Mwanangu, hebu nionyeshe na mie hivyo vistari."

Nikaenda kuchukua chaki. Shoga yangu alitoa mkeka wake mwenyewe akautandika kivulini, kisha naye akakaa pale pale, mwiko mkononi, akaniambia nianzie mwanzo kabisa, maana na yeye anataka kujua.