Mzee Mazi Hajawahi Kuzaliwa

Umepita hapo, usikatae. Umepita masika yaliyopita, ukaona magodoro yameanikwa juu ya ukuta na kina mama wakikomba tope sebuleni kwa sahani. Ukasikia watu wakitaniana, "Mzee Mazi kaja kudai kiwanja chake," ukacheka nao. Kisha ukageuza uso, ukaenda zako mjini.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano, katika mtaa huohuo ulio pembezoni mwa Tanga, upande wa kuelekea Tongoni, Rafaeli Ntakije yumo mtaroni hadi magotini. Anachota tope kwa chepe na kulitupa ukingoni. Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Hakuna aliyemtuma, hakuna anayemlipa. Mtaro huu unaozunguka nyumba ya Nasra, fundi cherehani mwenye watoto watatu, ameuchimba mwenyewe, na kila mvua ikipita hurudi kuuzibua. Huu ni mwaka wa sita.

"Shikamoo, Baba Precious," Nasra anamwamkia kutoka mlangoni, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Twaamka wakavu leo, alhamdulillahi. Toka humo unywe chai, utaota mizizi kama mkoko."

Rafaeli anacheka, lakini hamtazami usoni. Majirani humwita mtu wa Mungu. Akilisikia neno hilo huinama, akachota tope zaidi.

"Laiti wangejua wanamsifu nani," anasema, Nasra akiwa amesharudi kwenye cherehani yake.

Rafaeli ni kibarua wa upimaji wa viwanja. Hufyeka njia, hushika fimbo ya vipimo, hupanda bikoni, yale mawe ya zege yanayoonyesha mpaka. Siku yenye kazi hupata shilingi elfu kumi na tano, na mwezi mzuri hauzidi siku kumi na mbili za namna hiyo. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Yeye alizaliwa kambini, karibu na Maramba, na utoto wake wote aliitwa mtu wa kuja.

Miaka kumi na saba iliyopita, mpimaji mmoja alitafuta kibarua mwenyeji anayejua Kibondei, awe anawauliza wakulima majina ya maeneo yao. Rafaeli akanyoosha mkono. Kibondei alichokuwa nacho kilikuwa cha salamu na matusi.

"Nilitaka na mimi siku moja niitwe mwenyeji," anasema. "Basi. Hakuna kingine."

Ilikuwa Januari, jua la kuchoma utosi. Bonde lilikuwa limekauka hadi likapasuka, na kati yake Beatrisi, mkulima wa mpunga na magimbi, alikuwa akikusanya mabua. Wakamuuliza hapo panaitwaje.

"Kwamazi," akajibu bila kuinua kichwa.

Mpimaji akashika kalamu. "Huyo Mazi ni nani?"

Rafaeli hakujua. Beatrisi alikuwa hatua nne tu kutoka aliposimama, angeweza kumuuliza. Lakini kuuliza kungemvua nguo mbele ya bosi. Pande hizi jina la mahali likianza na Kwa, mara nyingi linalofuata ni jina la mtu. Akajibu kifua mbele, ila kwa sauti ya chini: "Mzee mmoja wa zamani. Alikuwa na shamba hapa. Marehemu sasa."

Mpimaji akajaza fomu: matumizi ya awali, shamba la marehemu Mazi.

Kwa Kibondei, mazi ni maji.

Hivyo ndivyo mkondo wa maji ulivyogeuzwa mtu, mtu akafishwa papo hapo, na shamba lake likakatwa viwanja sitini na vinne. Hakuna aliyerudi kuliangalia bonde mwezi wa tano. Hakuna aliyemwita Beatrisi kwenye kikao. Walipokuja kusimamisha kibao cha BARABARA YA MZEE MAZI, mtu mmoja mwenye suti aliwaomba wananchi wasimame dakika moja kumkumbuka mzee huyo. Wakasimama. Rafaeli naye alisimama, kofia kifuani. Na kama ulikuwepo, wewe pia ulisimama.

Masika ya kwanza baada ya nyumba kujaa, maji yalirudi kwao. Kwa Nasra yalifika kwenye kitasa cha mlango. Cherehani mbili kati ya tatu ziliozea humo, pamoja na vitambaa vya watu vya sikukuu. Rafaeli alikuwa amebeba ile cherehani ya tatu kichwani alipomkuta Beatrisi amesimama barabarani.

"Mmejenga Kwamazi, mwategemea nini?" Beatrisi akawauliza.

"Mama, kwani huyo Mazi alikuwa mtu wa namna gani?" Rafaeli akamuuliza.

"Mtu?" Beatrisi akamkodolea macho. "Mazi ni maji, we Rafaeli! Si ulijidai wajua Kibondei?"

Akacheka hadi akashika mbavu.

Wiki iliyofuata Rafaeli alianza kuchimba mtaro. "Kwa padri nilisema," anaeleza. "Kwa Nasra ulimi ulikataa. Nikaona nimwambie kwa chepe."

Lakini chepe halitoshi tena. Mwisho wa mtaa vimebaki viwanja viwili vitupu, namba 41 na 42. Hapo ndipo maji yanapopata upenyo wa kwenda kwenye mikoko. Ramani mpya imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, na inataka upenyo huo ujengwe. Wakazi wanaomba viwanja hivyo viachwe wazi: pachimbwe bonde pana lisilo na kina, papandwe matete na ukoka, maji ya masika yatulie hapo na kunywea ardhini, kiangazi watoto wacheze mpira. Sehemu nyingine iliyobaki ya kupumulia hawana. Ikizibwa, maji yatalala kwa Nasra.

Ofisa aliyewasikiliza aliwajibu bila kuzunguka: karatasi inasema hapo palikuwa shamba, si mkondo wa maji. Leteni mtu aliyekuwepo fomu ikijazwa. Mpimaji alishahama, simu yake haipatikani. Pingamizi mwisho ni Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri.

Rafaeli anaweka kikombe cha chai ukingoni. Anatoka mtaroni, tope likimchuruzika, anasimama kwenye mlango wa Nasra na kusema yote, kuanzia Januari ile hadi kofia kifuani.

Cherehani inanyamaza.

"Kumbe wewe ndiye uliyemzaa Mzee Mazi," Nasra anasema.

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Miaka sita wanywa chai yangu."

"Ndiyo."

Nasra anakiokota kikombe na kuimwaga chai iliyobaki mtaroni. Kisha anafunika cherehani kwa kanga.

"Kaoge, uvae shati. Mie nafunga mlango nikufuate. Sikusindikizi, usijidanganye. Nataka nikuone wasaini."

Ofisini Rafaeli anaandika polepole, herufi kubwa kama za mtoto: MIMI RAFAELI NTAKIJE NILISEMA UONGO. Karani anamshauri aandike "nilikosea", itasomeka vizuri zaidi. Yeye anatikisa kichwa.

"Mtu hukosea akidhani anajua. Mimi nilijua kuwa sijui."

Anajua huenda wapimaji wasimwite tena. Pingamizi likikubaliwa, anasema, ataomba jambo moja: ang'oe kwa mikono yake bikoni za 41 na 42, kwa kuwa ndiye aliyezipanda, na kibao kile kiandikwe upya: KWA MAJI.

Nasra amesaini chini yake, na Beatrisi, waliyempitia njiani, ameweka dole gumba. Ni majina matatu tu. Karani amesema pingamizi la watu watatu halina uzito wa kusimamisha ramani.

Wewe uliyecheka, uliyesimama dakika moja, uliyepita ukageuza uso: karatasi ina mistari mitupu na kalamu imefungwa kwa uzi mezani. Ijumaa saa tisa na nusu wanafunga. Ukifika njia panda kesho asubuhi, usiende mjini kwanza. Kata kushoto, uingie ofisini, uandike jina lako.