Kofia ya Rangi ya Maji

Kinyama kilianza kwenye kona ya jicho la kushoto, upande wa pua, kidogo kama punje ya mchele, na Chepeo akakinyamazia kama anavyonyamazia kila kitu. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Wavuvi wenzake walimpa kwa sababu ya chepeo yake, kofia nyekundu yenye ukingo wa mbele tu, aliyoivaa tangu alipooa, iliyoshonwa na kushonewa tena hadi hakuna aliyejua uzi upi ulitoka kiwandani.

Kinyama kikatambaa. Kilipokaribia mboni, mkewe alimshika mkono hadi kwa daktari wa macho, naye alikwenda kwa hiari ya ng'ombe anayepelekwa machinjioni. Daktari alikikata, kisha akasema maneno machache. Jua na mwako wa majini ndivyo vilivyoilea nyama hiyo. Ikirudi, itarudi kwa kasi, na ikiifunika mboni, jicho hilo asilitegemee tena. Kwa hiyo avae kofia pana ya kumkinga pande zote, au akae nchi kavu.

Sasa mtu huyu nchi kavu hawezi. Akiwa nyumbani hutengeneza mlango usio na kasoro mpaka upate kasoro. Kazi yake ni mshipi na ndoana, peke yake ndani ya mtumbwi, na mtu wa peke yake majini hana wa kumtazamia mbele. Aliogopa, ingawa hakumwambia mtu. Kila alfajiri alifumba jicho zima akatazama kidole chake kwa lile lililopasuliwa, ahakikishe kidole bado kipo.

Wakaenda sokoni kutafuta kofia, yeye, mkewe, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ana boti ya injini na mdomo usiozimika.

Muuza kofia, mama mnene aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, alianza na pama ya ukindu. Chepeo akaivaa, akatoka nayo hadi kwenye kona ya jengo ambako upepo hupita, na pama ikaruka ikaenda kulala chini ya mkokoteni wa vitunguu. Akapewa nyingine nyeusi, nzito, akakaa nayo juani mpaka jasho likamwingia kwenye jicho bovu. Ya tatu ilikuwa nyeupe, nzuri kabisa. Chepeo akaomba beseni la maji.

"La kunywa?" aliuliza yule mama.

"La kutazama."

Akaliweka juani, akaliinamia na kofia kichwani. Mwanga ulipanda kutoka kwenye maji, ukagonga weupe wa chini ya ukingo, ukamrudia machoni. Akaivua.

"Mchagua jembe si mkulima, shemeji," alisema shemeji yake. "Watu wanasubiri kununua."

"Mwache achague," alisema mkewe. "Jicho ni lake, lakini mshika mkono nitakuwa mimi."

Mwishowe muuzaji alichomoa kofia kutoka chini kabisa ya fungu. Ilikuwa ya kitambaa kigumu, ukingo mpana usiokunjwa na upepo, mweusi kwa chini ili kumeza mwanga, na kamba ya kidevuni. Juu ilikuwa kati ya kijivu na buluu.

"Hii ina rangi ya maji," alisema. "Samaki hawatakuona."

Hapo alimpata. Hakuna mvuvi duniani asiyeamini kwamba samaki wanamsengenya. Chepeo alikuwa amevua miaka yote na kofia nyekundu na kula alikula, lakini sasa alijiona mjinga aliyekuwa akijitangaza. Mkewe akamvua ile ya zamani, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. Alisema akiiona kichwani pake tena ataitia motoni.

Kesho yake Chepeo alipiga kasia hadi mahali pake pa siku zote, mbele ya pwani ambapo mkewe na wanawake wengine huparua samaki kwenye meza za mbao. Akashusha nanga, akatupa mshipi. Kofia ilikuwa tamu. Jicho halikutoa machozi. Jua lilipopanda, yeye alikaa kivulini kama mwenye nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe aliwaza kwamba huenda atazeeka akiona. Kipya kinyemi, walisema wenye kusema, na wakaongeza kwamba hata kikiwa kidonda.

Upepo ukazidi na maji yakaanza kuumuka. Aliendelea kuvua, maana samaki walikuwa wanakula. Ndipo aliposikia injini kushoto, upande wa jicho bovu, ambako ukingo wa kofia ulikuwa umeshuka. Akaugeuza uso mzima. Ilikuwa boti ya shemeji yake, inakuja moja kwa moja. Chepeo akajua amefuatwa kutaniwa, akainua mkono kumsalimu.

Boti haikupunguza mwendo. Shemeji alikuwa amesimama, kiganja juu ya nyusi, anatazama mbali, juu kabisa ya kichwa cha Chepeo.

Akapiga mluzi. Akaita. Injini ikameza vyote. Nanga ilikuwa chini na mtumbwi umefungwa kwayo kama mbuzi kwenye kigingi. Akaivua kofia akaipunga kwa nguvu zake zote, na mkono ukiwa bado hewani akaelewa anachokifanya. Alikuwa anapunga rangi ya maji mbele ya maji. Akaitupa kofia chini, akachukua kisu, akaikata kamba ya nanga, akasukuma kwa kasia upande mmoja hadi mfupa wa bega ukalia. Omo ya mbele ya boti ikapita ikaparuza tezi ya nyuma ya mtumbwi, ikavunja sehemu ya kasia iliyobaki nje. Wimbi lake likaingia ndani na kumlowesha mpaka kifuani.

Injini ikazimwa. Shemeji yake aliinama akaushika mtumbwi kwa mikono miwili.

"Shemeji. Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Umenipata," alisema Chepeo.

"Dada amenituma. Alisema huonekani, niende haraka. Nami kwa mazoea natafuta nyekundu tu. Wallahi macho yangu yalikuwa yanatafuta nyekundu."

Alivutwa kwa kamba hadi ufukoni, hasira ikimchemka njia nzima. Alikuwa ameshapanga maneno. Mkewe aliwapokea akiwa ndani ya maji hadi magotini, kisu cha kuparulia bado mkononi, magamba yamemganda hadi kwenye viwiko. Hakutoa salamu.

"Nilijua umevaa mpya," alisema. "Nilijiambia, amevaa mpya. Lakini nilitazama, maji matupu. Nikatazama tena, maji matupu. Na upepo ule."

"Kumbe huwa unanitazama?"

"Baba Watoto, unafikiri ninaparua samaki kwa macho? Mikono inaparua. Macho yangu yako kwenye kofia yako, siku zote."

Miaka yote hiyo alidhani kule yuko peke yake. Maneno aliyoyapanga yalimpotea yote.

Jioni jua halijazama walikaa uani, kofia mbili juu ya mkeka kati yao. Hakuna aliyezigusa.

"Nipe chepeo yangu," alisema Chepeo mwishowe. "Nimechoka."

"Na jicho?"

"Nikivaa hii nyekundu, utaniona. Halafu siku moja mimi sitakuona. Nikivaa ile, nitakuona, lakini wewe hutaniona. Niambie nifanyeje."

Mkewe aliingia ndani akatoka na mkasi. Chepeo alipoona anashika ile nyekundu aliinuka nusu.

"Hiyo ni ya tangu harusi yetu."

"Najua. Nani aliinunua?"

Akakata. Sauti ya mkasi ilimuuma, naye hakuona haya kuonyesha kwamba imemuuma. Ukingo wa mbele ukawekwa kando, na kitambaa kilichobaki akakitandaza juu ya kofia ya rangi ya maji, akakishona kwa mishono mifupi, minene, ya mtu anayeshona kitu cha kupigwa na upepo. Alipomaliza alimvika mwenyewe na kuikaza kamba ya kidevuni.

Kisha akatembea hadi mwisho wa uwanja, nyuma ya kamba za nguo, akageuka.

"Nakuona," alisema.

Chepeo akafumba jicho zima. Alimtazama kwa lile lililopasuliwa, chini ya kivuli cheusi cha ukingo, mpaka alipoweza kuona magamba yaliyokauka mikononi mwake.

"Na mimi nakuona."