Kamera ya Siosiua Iliyopakwa Mafuta

Siosiua alikuwa mpiga picha wa harusi na misiba ya mji wetu mzima wa Nukuʻalofa, na hakuwahi kupiga picha amesimama mbele ya machifu. Nani angethubutu kuwazidi kimo? Alikaa mkekani, miguu ameikunja, kamera tumboni, akainamisha kichwa kuchungulia kioo cha juu. Watu walimtania kwamba mamake alimzaa ameinama.

Alipofariki, kamera ilibaki kwa Lupe, bintiye wa pekee, fundi cherehani. Kila jioni aliipangusa na kuipaka mafuta ya nazi yenye maua, taratibu, mpaka kwenye macho yake mawili ya kioo, la juu la kuchungulia na la chini la kupigia. Alimpenda babake yule, jamani! Lakini shangazi yake Fatai alikuwa hai, na kwetu Tonga dada wa baba ndiye mwenye neno. Akitaka kitu cha kaka yake hubishani; unampa, tena kwa mikono miwili, na haki hiyo wanawe huirithi.

"Lupe mwanangu, ile kamera tutaiuza," shangazi alisema. "Sadaka ya mwaka imekaribia, na mimi siitwi jina kanisani nikasimama mikono mitupu. Kesho tunaipeleka kwa Vili."

"Sawa, shangazi," Lupe akajibu.

Vili, fundi wa kamera na saa pale sokoni, aliipindua, akafuta macho ya kamera kwa kitambaa, akasoma namba zilizochongwa, kisha akapiga mluzi.

"Ya Kijerumani hii, ya miaka ya hamsini. Kioo hakina hata chembe ya ukungu, na joto letu hili! Chini imechubuka kwa mikeka, lakini hilo si neno. Auckland wangeigombania."

Shangazi akajiweka sawa kitini. Vili akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, halafu akanusa vidole vyake.

"Nani kaipaka mafuta?"

"Mimi," Lupe akasema.

"Lo! Dada, umeiua! Yamepenya mpaka ndani, vile vibati vya kufungua na kufunga jicho la chini vimegandana. Kuisafisha kutakula bei yote. Sasa hivi ni pambo la kabatini tu."

Lupe alitamani ardhi immeze. Alitaka kamera ibaki, ndiyo, lakini si kwa kuiharibu.

"Mafuta ya nini, we mtoto?" shangazi akauliza.

"Baba hakutoka nyumbani ngozi ikiwa kavu, shangazi. Nilikuwa... nilikuwa nampaka yeye."

Fatai aliichukua kamera, akainusa, akaikumbatia kifuani muda mrefu.

"Vili, wewe ni shahidi. Nimeichukua kwa haki yangu. Wanangu na wajukuu zangu wasije wakaidai, ni yangu." Akamgeukia Lupe, akamwekea mapajani. "Na changu nampa nimtakaye. Haya, nipige picha."

"Na sadaka, shangazi?"

"Mikeka ninayo, nitauza. Nipige picha."

"Lakini imeganda, haipigi."

"Nani kakuuliza? Hebu kaa chini huko!"

Lupe akaketi sakafuni, akakunja miguu, akainamisha kichwa. Jicho la juu halikuwa na kosa. Ndani ya kioo shangazi yake alikaa wima, mikono magotini, machozi yakimtiririka, naye hakuyafuta kwa kuogopa kuharibu picha.