Kwenda Nyakatuntu Kumwomba Koku Uloto

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka kwetu Ihanda, Karagwe, hadi Nyakatuntu kule Kyerwa, mtu akidamka mapema anafika kabla ya saa sita mchana. Mimi nilikuwa nimeikwepa kwa miaka, na nisingekwenda kama si mwanangu Alinda kuishiwa damu.

Alinda ana miaka minane. Alizaliwa na kasoro ndani ya mifupa: uloto, ule ute unaotengeneza damu, unakufa kidogo kidogo. Tulimwongezea damu za watu mpaka daktari wa hospitali ya rufaa akatukalisha chini, mimi na mume wangu, akasema hiyo haitoshi tena. Mtoto apandikizwe uloto mzima wa mtu mwingine, na wa kwanza kupimwa ni ndugu yake wa baba mmoja, mama mmoja.

"Mna mtoto mwingine?" akauliza.

Nikajibu mimi: "Tunaye. Ila hayupo kwetu."

Koku, binti yetu wa kwanza, tulimtoa alipoacha kunyonya. Wifi yangu Adela, dada mkubwa wa mume wangu, hakujaliwa mtoto, na katika ukoo wetu ndugu hamwachi mwenzake akae hivyo; tukampa Koku awe wake. Mtoto aliyetolewa hadaiwi. Huulizi amekula nini, huulizi ameumwa lini, na ukizidisha kumtembelea wataanza kusema unataka kumpokonya. Nikanyamaza, nikajifanya nimezoea. Uongo mtupu, sikuzoea hata siku moja.

Asubuhi ya kuondoka, Alinda alikuwa ametoka damu puani tena, kitambaa kimelowa. Mume wangu alitaka kwenda yeye, nikakataa. Namjua: dada yake angetoa machozi mawili tu, naye angerudi mikono mitupu akiniambia tumwachie Mungu.

Pale Omurushaka nilipanda gari dogo la kwenda Kyerwa, nikabanwa mlangoni na mkungu wa ndizi wa mtu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nianze na salamu, nianze na ugonjwa, au nianze kwa kulia? Kila nikiyapanga yanavurugika.

Kituo cha Nkwenda nilishuka, nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha na kilima kimoja tulikipanda kwa miguu, pikipiki ikisukumwa.

"Mama, unakwenda msibani?" dereva akaniuliza.

"Kwa nini?"

"Umekaa kimya mno."

"Kama ni msiba, sijui bado," nikamwambia.

Nyakatuntu nilimkuta wifi uani, nyuma yake migomba, mbele yake jamvi la kahawa anachagua punje mbovu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Kuna nini huko?"

Akanipa mkeka, nikakaa. Kwetu mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, kikapu kidogo kinazungushwa, ndipo watu wazungumze. Kikapu nilikiona kimening'inia ukutani. Wifi hakukishusha. Nikajua nimeshahukumiwa kabla ya kufungua mdomo.

Koku akaja na ndoo ya maji kichwani. Amerefuka, ana pua ya baba yake. Jua lilikuwa linachoma, naye amevaa sweta la mikono mirefu.

"Shikamoo, mama Alinda," akasema, akitua ndoo. Neno hilo liliniuma, japo ndivyo alivyofundishwa.

Nikaeleza. Kwanza atapimwa damu. Ikifaa, atalazwa usingizi, sindano itachota uloto kwenye mfupa wa nyonga, na mwili wake utatengeneza mwingine. Bila hivyo, Alinda anakufa. Nilisema hivyo hivyo, bila kupamba.

Wifi aliendelea kuchagua kahawa. "Hapana," akasema. "Mlinipa mtoto mzima. Sasa mnarudi kumchukua vipande?"

Hasira zikanipanda. "Huyo mtoto nilimzaa mimi, wifi."

Ndilo neno ambalo mtu hatakiwi kulisema kamwe. Hata Koku aliinamisha kichwa. Kisha akasema taratibu, "Mimi nitakwenda. Ni mdogo wangu."

"Ingia ndani," wifi akamwambia.

Koku alipoinama kuinua ndoo, mkono wa sweta ukapanda. Mkono wake ulijaa madoa meusi na ya zambarau, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono.

"Unampiga?" nikauliza. Nilikuwa nimeshasimama.

Wifi akaachia kahawa ikamwagika. "Sijawahi hata kumfinya. Yanakuja yenyewe. Na pua inatoka damu, anachoka, hawezi jembe." Akafuta uso kwa kanga. "Ningewaambia nini? Mngesema nimeshindwa kumlea, mngekuja kumchukua."

Madoa yale nayajua. Nimeyafuta kwa kitambaa cha maji kwenye mwili wa Alinda, nikidhani yanafutika. Nikakaa tena chini.

"Wifi," nikasema, "hujashindwa. Alitoka kwangu hivyo."

Akaenda ukutani, akashusha kikapu. Tukatafuna kahawa, sisi wawili.

Kurudi tulikuwa watatu. Koku alisinzia begani kwa wifi njia nzima, nami nikashika mfuko wa nguo zake. Tulimpitia Alinda Ihanda, tukaenda hospitali.

Majibu yalichukua muda kurudi. Daktari akasema uloto wa Koku una ugonjwa ule ule, na kama Alinda angepewa huo bila kupimwa kwanza, tungewapoteza wote wawili. Sasa watanipima mimi na baba yao. Mzazi hulingana na mtoto nusu tu, na njia hiyo ni ngumu zaidi, lakini ipo. Koku amewahiwa mapema kuliko mdogo wake.

"Kwa hiyo simfai?" Koku akauliza. Alinda akamsogezea nusu ya andazi lake, maana hakuelewa kinachosemwa.

Nilikwenda Nyakatuntu kutafuta wa kutoa uloto, nikarudi na wa pili wa kupewa. Nilichojifunza ni hiki: mtoto uliyemtoa, muulizie. Ile adabu yetu ya kutouliza ilikuwa inamuua Koku kimya kimya, na wifi akiwa peke yake naye.

Muuguzi akafungua mlango. "Mama yake Koku aingie."

Nilibaki nimekaa, kama desturi inavyotaka. Wifi akasimama, akafika mlangoni, akageuka.

"Inuka," akaniambia. Kisha akamwambia muuguzi, "Tuko wawili."