Punda wa Syombua Hana Njia

Ile njia Syombua aliitoa mwenyewe. Pasta alisimama kanisani, hapa Kabati, akasema shule mpya haina pa kupitia magari. Syombua, mjane ambaye shamba lake linafika barabarani, akainua mkono. Tulimpigia makofi. Akang'oa ua na mipapai yake mitatu.

Siku hizi wazazi wanajaza magari hapo mpaka mlangoni kwake, wanazima injini, wanapiga gumzo. Alhamisi alitoka mtoni na punda wake, mitungi minne ya maji mgongoni, akakosa pa kupita. Alingoja saa nzima, kisha akagonga kioo cha gari moja kwa adabu. Soja wa shule akaja mbio. Alimwita susu, kama nyanya yake mzazi, halafu akamfukuza.

"Hapa ni pakingi ya wazazi, susu. Punda atakwaruza magari. Pitia nyuma."

Nyuma ni kwa jirani yake Mulei, na Mulei ameshazungushia seng'enge.

Jumapili pasta alisimama tena. Shule inaomba nafasi zaidi ya magari, alisema. Sote tukamgeukia Syombua, mikono tayari kupiga makofi.