Majina Mia Tatu na Kumi na Mawili

Wauguzi walimwita Mama Kompyuta, ingawa hakuwa na mtoto wala kompyuta ya kwake. Kwa miaka sita alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara ya hospitali, akitunza orodha ya wachangia damu. Daktari akitaka kundi adimu, aliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, majina na namba za simu vikatokea.

Mwezi uliopita orodha ilihamishiwa kwenye mfumo mpya. Aliyapakia majina kwa mafungu, mia tano kwa mpigo. Kila fungu lilijibiwa: limepokelewa. Siku hiyo alimwambia mumewe kazi imekwisha, wakala chakula cha jioni wakicheka.

Jumanne asubuhi muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi aliingia bila kubisha.

"Dada, nina mama anavuja damu. Natafuta O hasi, napata watu wanne tu. Wawili wamesafiri, mmoja mjamzito, wa nne hapokei. Wale wengine wamekwenda wapi?"

Mama Kompyuta alimkumbuka fundi viatu mmoja, mzee mcheshi aliyechangia miaka nenda miaka rudi. Akaandika jina lake. Hakuna.

Akachomoa faili la zamani kabatini, akampigia.

"Mwanangu, kimya chenu hicho," mzee alisema. "Nikajua damu yangu imechacha."

"Njoo sasa hivi, baba. Tafadhali."

Mzee akiwa njiani, mkuu wa maabara alikuja mbio. "Pakia upya yote."

"Yatapotea yaleyale, bosi. Acha kwanza nijue sababu."

Alifungua majibu ya mashine, safari hii akasoma mpaka chini. Juu paliandikwa fungu limepokelewa. Ndani, mstari kwa mstari, baadhi ya majina yalikuwa yamekataliwa: tarehe ya kuzaliwa si sahihi. Fundi viatu aliandikishwa mwaka tu, kama watu wengi wa rika lake wasioijua siku waliyozaliwa. Mashine ilitaka siku na mwezi. Naye alikuwa ameiagiza programu yake ya kupakia isome mstari wa juu peke yake.

Waliokataliwa walikuwa mia tatu na kumi na wawili.

Alibadilisha kanuni, mwaka pekee ukubalike, akapakia hao tu, kisha akahesabu waliotumwa na walioingia mpaka idadi zikalingana. Saa sita mchana O hasi walikuwa kumi na tisa.

Damu ya mzee ilipimwa, ikapelekwa wodini. Mama yule akapona. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona.

"Huenda tungempoteza hata damu ingewahi," daktari alimwambia. Akageuka kuondoka. "Huenda."

Kwenye kikao mkuu wa maabara aliulaumu mfumo. Mama Kompyuta akasimama. "Mfumo ulisema. Mimi sikusoma."

Nyumbani mumewe alimsihi ale. "Umekosea, hukuua."

"Wewe umejuaje?" akasema, sahani akaisukuma kando.

Jumamosi alimwona yule mama wa wodini akitoka na mume wake, aliyebeba mkoba na blanketi jipya ambalo halijakunjuliwa. Miguu ilitaka kurudi ndani. Akajikaza, akawasogelea.

"Pole sana, dada."

"Ahsante," mama akamjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mpita njia, wakaendelea kutembea kuelekea getini.