Fundi Cherehani wa Makambako Aliyefichua Siri ya Utepe Akiwa Hewani

Saa kumi jioni, Jumapili. Modesta Mgaya anasogeza cherehani ukutani, anaegemeza simu kwenye pasi ya mkaa, kisha anafungua mlango wa chumba chake hapa Makambako, ingawa baridi ya Julai inaingia yote.

"Kamwene, ndugu zangu wa majumbani," anaisalimia simu. "Mmekaa vizuri?"

Watazamaji 83 wanaingia mmoja mmoja, kutoka Njombe, Mdandu, wengine mbali zaidi. Kwa nusu saa watamtazama moja kwa moja wakiwa sebuleni na jikoni mwao, leso ikibadilika rangi, kifungo kikipotelea kiganjani.

Ni mazingaombwe. Modesta, mwenye miaka 36, hushona sare za shule siku sita kwa wiki. Kazi hii ya siku ya saba alijifunza mwenyewe kwa miaka minne, akitumia vitambaa vinavyobaki mezani.

Kufungua mlango kulianza Mei.

Jumapili hiyo alikuwa akifanya mchezo wake uliopendwa kuliko yote: anakata utepe vipande viwili, anavifumbata, anapuliza, utepe unatoka mzima. Watazamaji walikuwa 212. Mmoja wao alikuwa Jasmine, mtoto wa miaka sita, nyumba ya tatu kutoka hapo, akiwa na simu ya mama yake, Aneth.

Mkasi ulipokata, Jasmine alianguka. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, ukaanza kutetemeka.

"Ningefikiri nini kingine?" anauliza Aneth. "Utepe unakatwa, mwanangu anaanguka. Palepale."

Alipanda bodaboda na mtoto kuelekea hospitali, akilitaja jina la Modesta kwa sauti njia nzima.

Dakika chache baadaye mlango wa Modesta ulisukumwa. Waliingia watu wapatao ishirini, mbele yao Mzee Nahumu, mwenye nyumba. Mmoja alishika mpini wa jembe.

"Mama, umemfanya nini mtoto wa watu?" Nahumu aliuliza.

Simu ilikuwa bado hewani.

"Nilidhani ni sehemu ya mchezo, nikacheka," anasema Ema, mtazamaji wa kijiji cha Ipelele, aliyekuwa kitandani na mguu uliovunjika. "Halafu nikaona ule mpini wa jembe. Nikaanza kusali."

Dirisha lilikuwa na nondo. Mlangoni walijaa watu.

"Baba, keti hapa," Modesta alimwambia Nahumu. "Tazama mkono wangu. Usitazame kitu kingine."

Akakata utepe tena, polepole, kisha akafungua kiganja. Ndani, kando ya utepe mzima, kulikuwa na kipande kingine kifupi, urefu wa kidole, kimekatika katikati. Hicho ndicho kilichokuwa kikikatwa kila Jumapili. Utepe wenyewe haujawahi kuguswa na mkasi.

Nahumu alikigeuzageuza. "Ni hiki tu?"

"Ni hicho tu, Baba."

"Rudia."

Alirudia mara tatu. Mara ya nne Nahumu alichukua mkasi akakata mwenyewe. Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Mpini ukawekwa chini, lakini hakuna aliyetoka. Walikuwa wakingoja habari za mtoto.

Simu ya Aneth ilikuja baada ya karibu saa nzima. Jasmine alikuwa amefumbua macho. Daktari alikuta nimonia. Homa kali ndiyo iliyoleta degedege. Watu wakatawanyika bila kuaga.

Nahumu alimruhusu Modesta abaki chumbani, kwa sharti moja: akiwa hewani, mlango uwe wazi, anayetaka kuona aone.

Siku ya tano Aneth alikuja, akasimama nje. Hakuomba radhi.

"Mtoto anauliza kama Jumapili utakuwepo."

"Na wewe unasemaje?"

"Nitatazama naye."

Zaidi ya nusu ya watazamaji hawakurudi. "Utepe umekufa, kila mtu anaujua," anasema Modesta. "Inauma. Niliufanyia mazoezi mwaka mzima."

Sasa anaandaa mchezo mpya, na hasemi ni upi. Desemba anataka kuufanya Njombe, ukumbini, mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

"Kwenye simu mtu akiniogopa anazima tu, mimi sijui," anasema. "Ukumbini nitamwona akinyanyuka kuondoka. Nataka niwe nimeshajua nitamwambia nini ili aketi."